Mafuta ya Maombi Kwenye Shafti

Natalina alirudi Juba kutoka ukimbizini Arua baada ya mkataba wa amani akiwa na hamu moja tu: wanawake wa mtaa wa Malakia wasage mahindi yao kwenye mashine yake. Lakini siku ile ile ya kufungua, mkanda wa mashine uliruka mara ya tatu, na mabeseni yakaanza kurudi vichwani.

"Twendeni Nyakuron," Tisa, mmoja wa wateja, akasema, akikaza kitenge chake. "Mashine ya huku inacheza dansi."

"Ngojeni kidogo, mama zangu," Natalina alibembeleza. Wakishazoea mashine ya Nyakuron, nani atawarudisha?

Edrine, fundi Mganda, alikuwa amelala ubavu chini ya mkanda. "Puli, hii gurudumu ya mkanda, inatembea, mama. Hii ringi ya chuma ndiyo inaizuia, lakini skrubu yake inagusa shafti, hii chuma inayozunguka, pahali padogo tu. Mimi iko na ingine, imepasuliwa, ya bolti mbili. Ile inakumbatia shafti mzima."

Akaifunga, akaikaza hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Mashine ikawashwa. Ringi ikateleza tena!

Injini ilipozimwa, Natalina akapitisha kidole kwenye shafti, akanusa. Mafuta ya simsim.

Wote wakamgeukia Cissy, kiongozi wa maombi, aliyeibariki mashine asubuhi ile na kuipaka mafuta kila mahali mkono ulipofika.

"Mnaniangalia nini? Malesh, nisameheni, nilipaka kwa imani."

"Na ringi imeteleza kwa imani," Tisa akadakia. Watu wakaangua kicheko.

Natalina alishika tambara, mkono ukasita. Afute maombi ya mtu, mwenyewe akiona? Cissy akamnyang'anya. "Lete hapa! Mungu ameshasikia." Akalichovya kwenye petroli, akasugua shafti na tumbo la ringi mpaka vikakauka na kung'aa.

"Sasa nipe tone moja ya mafuta yako," Edrine akamwambia.

"Unanitania, mtoto wangu?"

"Hapana, mama. Kwa shafti inaharibu. Lakini kwa meno ya bolti inasaidia, bolti inaingia laini, inakaza mpaka mwisho."

Cissy akadondosha, midomo ikinong'ona. Edrine akakaza bolti kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo. Injini ikanguruma. Puli ikatulia, mkanda ukakaa kana kwamba umeshonewa pale.

Tisa alikuwa wa kwanza kushusha beseni. "Anza na yangu. Mimi nilikuwa hapa tangu mwanzo."

"Ulikuwa njiani kwenda Nyakuron," Natalina akamjibu, akicheka, huku akimimina mahindi yake.