Nyoka Asiyejua Kiarabu

Ami Gaballah hakuwahi kuua nyoka. Watu wa tarika ya Kisufi ya Rifai, kama yeye, humwapisha nyoka kwa jina la Mungu atoke kwa amani. Akishatoka, kumuua ni kuvunja ahadi. Bohari zote za bandari ya Aleksandria zilimwita yeye.

Siku hiyo, katika bohari yetu, nyoka alichungulia kwenye marobota ya magunia kutoka Kalkuta: mweusi wa kung'aa, mwenye vipete vyeupe. Ami akagonga kijiti, akaapisha, akaapisha tena. Nyoka hatoki.

"Ami, huyo Mhindi," nikamwambia. "Kiarabu hakijui. Mtafutie mkalimani."

"Nyamaza, Hamdi. Wewe ndiwe mwenye sumu, tena ulimini."

Akaingiza mkono, akamtoa, akamtia katika mfuko wake wa nguo na kuufunga kamba. Kidoleni palikuwa na vitone viwili, hata damu hakuna.

"Amekuuma?"

"Amenibusu tu. Sisikii kitu. Huyu mla panya, hana neno."

Nyoka wa kuogopa sisi tunamjua: hutanua shingo, hufoka. Huyu hakutanua kitu. Tukaketi kunywa chai. Punde Ami akawa anasinzia, kope zimemlemea.

"Tazameni," nikasema, "nyoka yu macho, mkamataji kalala."

Watu wakacheka. Ami naye alitaka kucheka. Chai ikamtokea puani; kumeza hawezi tena.

Hospitalini daktari aliuliza neno moja: nyoka gani? Dawa aliyokuwa nayo ilikuwa ya nyoka wa Misri. Akaniambia nikamtafute wa kumtambua. Nikakimbia na mfuko hadi kwenye meli iliyoleta marobota, nikaufungua mbele ya mpishi wa meli, Mbengali. Alichungulia, akarudi nyuma hatua mbili. Hakuuliza kama mtu ameumwa. Aliuliza ni tangu saa ngapi.

Nikamwambia. Akavua kofia.

Niliporudi, Ami alikuwa anapumuliwa na mashine. Dawa ya nyoka yule haikuwepo mjini. Walisema ingefika kesho kwa ndege. Mkono wake ulipapasa mfuko, ukashika kamba.

"Simuui, Ami," nikasema. "Nimekuapia."

Kesho yake ndege ilitua adhuhuri. Ami tulimswalia asubuhi.

Nyoka nilimpeleka bustani ya wanyama. Kila Ijumaa naenda kumtazama, kajikunja nyuma ya kioo. Wamembandikia karatasi: jina lake, kwao, na kwamba kuumwa naye mara nyingi hakuna maumivu. Yote kwa Kiarabu safi, herufi kubwa, hata Ami angezisoma bila miwani.