Sikio Lisilo Lake

Msiba wa mzee Emilian pale Isevya ulikuwa na kila kitu isipokuwa mzee Emilian mwenyewe. Kulikuwa na maturubai mawili, spika ndefu kama kabati, na langoni bango refu kuliko mlango, lenye picha ya marehemu. Kwenye picha hiyo bwana mmoja mwenye mashavu ya kushiba alikuwa amevaa suti ya bluu na tai nyekundu, shingo kainyoosha kama anayesubiri kuapishwa. Adelina, kitinda mimba wa marehemu, aliyemwogesha na kumnywesha uji miaka yake mitatu ya mwisho, alisimama mbele ya bango akimtafuta baba yake. Akaambulia macho tu.

"Kaka," alimwita Mathias, kaka yake mkubwa, aliyefika jana kutoka Dar na bango lake limeviringishwa kwenye buti la gari. "Huyu ni nani?"

"Baba."

"Baba yupi? Huyu ana masikio mawili."

Sikio la kushoto la mzee Emilian lilikuwa nusu. Nusu nyingine ilibaki porini Ipole, mdomoni mwa nyegere, siku mzee alipomfumania mnyama huyo akivunja mzinga wake wa nyuki. Tangu siku hiyo jina la Emilian likabaki la padri na la kwenye kadi ya kliniki. Huko porini alikuwa Kasikio, na ukiulizia Emilian utarudi ulikotoka.

"Nilimwambia kijana wa steshenari amrekebishe," alisema Mathias. "Wakubwa zangu wa kazini wanakuja, Adelina. Unataka wamwone baba na sikio la kuliwa?"

"Lililiwa akilinda asali ya ada yako ya kidato cha kwanza. Sikio lile ndilo lililokusomesha, leo unalionea haya?"

"Usianze."

"Sijaanza. Nikianza utajua."

Pengine angenyamaza, maana msibani watu humeza mengi. Lakini Theodora, jirani aliyekuwa akisimamia masufuria, alikuja akijifuta mikono kwenye kanga.

"Adelina, kuna mzee alikuja sasa hivi, mrefu, na dumu la asali. Kasimama langoni, katazama bango, kavua kofia. Akasema, 'Poleni sana, nimekosea msiba.' Nikamkaribisha uji, akasema hawezi kunywa uji wa watu asiowajua. Kaenda zake."

Adelina alimjua hapo hapo. Huyo alikuwa mzee Ngollo. Miaka arobaini yeye na Kasikio walitundika mizinga pamoja, Kasikio juu ya mti akivuta kamba, yeye chini akisukuma. Wiki mbili kabla ya kukata roho, Kasikio alimshika binti yake mkono, akamwambia, "Mimi kaburini ataniteremsha Ngollo. Mzinga haupandishwi na mtu mmoja, na haushushwi na mtu mmoja." Adelina alikubali kwa kiapo. Na maziko yalikuwa saa nane.

"Wa kushika kamba za jeneza wapo," alisema Mathias. "Nimeleta vijana wa kazi hiyo. Wana glavu nyeupe."

"Glavu," alisema Adelina. Alipanda bodaboda na kanga yake ya msiba, akaenda stendi.

Alimkuta Ngollo ndani ya basi la Sikonge, dumu katikati ya miguu, konda akiita abiria wa mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mpo? Nimezunguka Isevya nzima. Nimeona msiba mmoja tu, wa bwana mkubwa wa serikali."

"Ndio wetu huo."

"Acha utani. Yule masikio yake yametimia."

"Wamemwotesha, baba. Kwa kompyuta."

Konda akapiga ubavu wa basi, dereva akawasha injini.

"Babu zetu," alisema mzee pole pole, "walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka hapa Unyanyembe mpaka pwani, na wakarudi. Hawakuwa na bango, na hawakupotea. Mimi nimepotezwa na sikio." Akamtazama. "Kasikio alikuwa akilionea haya?"

"Hata siku moja. Alikuwa akiwafanya watoto waliguse."

"Sasa aliyeona haya ni nani?"

Adelina alibeba dumu, akateremka, na mzee akamfuata nyuma.

Walipofika, Adelina alipitiliza jikoni, akachukua kisu cha vitunguu, akaenda langoni. Wageni wa Dar walikuwa wameshakaa viti vya mbele. Akakita kisu kwenye bango, akakata nusu ya juu ya sikio la kushoto. Alikata bila haraka, akifuata umbo alilolijua kwa vidole vyake.

"Adelina, watu wanatazama," Mathias alinong'ona.

"Watazame. Si ndicho ulichowaitia?"

Nyuma kabisa, walikokaa watu wa Ipole waliokuja kwa taarifa ya kanisani, bibi mmoja alisimama. "Yesu wangu. Kumbe ni Kasikio." Tangu asubuhi watu hao walikuwa wamekaa kwa adabu, wakimsikitikia Emilian fulani. Sasa ndipo kilio kikaanza. Spika ikazimwa, maana haikuwa na kazi tena.

Makaburini, padri alipomaliza sala, vijana wa glavu walijipanga. Ngollo akamgusa mmoja begani.

"Nipishe, kijana. Na hizo soksi za mikononi vua. Kamba inataka kiganja."

Akaizungusha kamba kiganjani, akainama juu ya shimo, akauliza kwa sauti ileile ya porini:

"Umeshika?"

Padri akageuka. Wageni wa Dar wakatazamana. Mathias akaangalia viatu vyake. Ni swali ambalo Ngollo alilipeleka juu ya mti miaka arobaini, na jibu lake Adelina alilijua tangu ananyonya, kwa kuwa baba yake hakuchoka kulisimulia.

"Ameshika, baba," alisema. "Achia."

Kamba ikaanza kwenda, taratibu. Mathias akasogea, akiwa amekunja mikono ya koti.

"Nishike wapi, mzee?"

"Nyuma yangu. Usivute. Mwenzio wa chini ameshashika."

Adelina hakuwa amemsamehe, na siku ile hakukusudia. Alisogeza mguu tu, kaka yake apate pa kusimama.