Kijiko cha Kumi na Mbili

Lois alikuwa na dharau iliyopangwa vizuri, kila mtu na fungu lake. Wakongo aliwadharau kwa kuwa walitoka kambi za wakimbizi. Wakenya wenzake aliwadharau kwa kukaa Amerika miaka nenda miaka rudi bila kununua hata kibanda. Yeye alikuwa na nyumba yake Brooklyn Center, vyumba vitatu vya kulala na mahali pa kuweka gari, na tangu siku aliyokabidhiwa ufunguo pua yake ilipanda juu ikakataa kushuka.

Basi mwezi wa kwanza huu nyumba hiyohiyo ikamkalia shingoni.

Mama yake, kule Mbale, upande wa Vihiga, alikuwa anapofuka. Jicho la kushoto liliisha zamani. La kulia daktari alisema limebakiza wiki, si miezi. Jumapili moja yule mama alimwambia kwenye simu, bila kulia wala kulalamika, "Njoo nikuone nikiwa bado naona." Miaka tisa walikuwa hawajaonana. Lois akakata tikiti siku ileile, wiki nne, kuondoka Alhamisi saa kumi jioni. Katika nyumba ya wazee anakofanya unesi walimpa ruhusa. Akanunua sweta za wajomba, dawa ya magoti, leso za shangazi. Kila kitu kikawa tayari, isipokuwa mtu wa kumwachia ufunguo.

Maana huku hufungi nyumba mwezi wa kwanza ukajiondokea. Hita ikizimika na wewe hupo, maji yanaganda ndani ya mabomba, mabomba yanapasuka, na ukirudi unakuta sebule imekuwa bwawa. Watu wa bima wameandika wazi kwamba nyumba isiyo na mtu wakati wa baridi ikaguliwe kila siku, la sivyo usije kuwalilia. Kuna theluji ya mbele ya mlango, isipozolewa barua ya manispaa inakuja. Kuna gari, lisipowashwa betri inakufa. Jumatano asubuhi, ndege ikiwa ni kesho, Lois hakuwa na mtu.

Alianza na Griffins, kwa sababu Griffins anakaa barabara ya pili tu. Huyu ndiye aliyekwenda Nakuru Desemba ya mwaka juzi akamwachia binamu yake nyumba. Binamu akaona apunguze hita, abane matumizi. Griffins aliporudi alikuta ngazi imevaa barafu kutoka juu mpaka chini. Lois alikuwa amelisimulia jambo hilo kanisani, kazini na kwenye harusi mbili, akitia chumvi kila mara. "Mwanamume mzima ameshindwa na bomba," ndivyo alivyokuwa akimalizia. Sasa alimpigia kwa sauti laini kama ya mchumba.

"Sista Lois," Griffins akasema baada ya kumsikiliza mpaka mwisho, "si mimi ndiye niliyeshindwa na bomba? Tafuta anayeyaweza."

Akakata simu. Lois akasonya, akajiambia kwamba hata hivyo yule angejaza wanaume nyumbani mwake wakitazama mpira na kumwagia makochi yake soda.

Akamwandikia Natasha, binti nesi wa miaka ishirini na sita, anayetembea katika baridi ya kukata masikio na kijaketi kinachoishia kitovuni. Lois alishamsema mara mbili juu ya hicho kijaketi, mbele ya kwaya nzima. Natasha akajibu kwamba wiki zote nne ana shifti, pole sana, na akaweka kile kikatuni cha mikono miwili inayoomba. Lois alikitazama kikatuni hicho akatamani kumrudishia cha kofi, kama kingekuwepo.

Akabaki jirani. Alijua tangu mwanzo kwamba atabaki jirani, na ndiyo maana alizunguka kote huko.

Jirani alikuwa Mukandayisenga, ambaye watu humwita Mama Uwase, mjane kutoka Masisi kule Kongo, mwaka wa nne sasa Amerika, anafungasha vyakula kiwandani. Kila theluji ikianguka hutoka na mabuti ya kiume na koleo, akazoa njia yake, kisha bila kuombwa akaendelea mpaka kwenye mlango wa Lois. Lois humchungulia kupitia pazia. "Huyo kuna kitu anatafuta," husema, na hajawahi kutoka kumwambia asante.

Tena kulikuwa na ile habari ya kijiko. Machi iliyopita ilikuwa zamu ya Lois kuwakaribisha akina mama wa ushirika wa kanisa. Aliwaketisha sebuleni, kwenye yale makochi ambayo bado yana plastiki, akawapa chai na mandazi, na akatoa vijiko vyake kumi na viwili vyenye ukingo wa dhahabu. Walipomaliza, Mukandayisenga alijitolea kuosha vyombo, maana kwao mgeni haachi vyombo vichafu. Wageni wakiwa mlangoni wanavaa mabuti, Lois akaja na kitambaa chenye vijiko, akavihesabu kwa sauti mbele yao wote. "Kumi na kimoja," akasema. "Vilikuwa kumi na viwili." Akamtazama Mukandayisenga, na kila mtu akamtazama aliyetazamwa. Mama wa watu akaufungua mkoba wake, akaupindua, zikaanguka funguo, leso na pipi za watoto. Akaokota vitu vyake akaenda zake. Miezi kumi baadaye Lois alikuwa bado anawaambia watu, "Hao wa kambini, ficheni vijiko."

Huyo ndiye ambaye Lois alikwenda kumbishia hodi.

"Karibu, dada Lois," Mukandayisenga akasema. Hakuonekana kushangaa.

"Sikai. Nasafiri kesho." Lois akaieleza ile shughuli akiwa amesimama kizingitini, kwa sauti ya mtu anayegawa kazi. Mara moja kwa siku, kugusa hita, kuwasha gari, kuzoa theluji. "Ni kitu kidogo tu. Nitakuletea majani mazuri ya chai."

"Hapana," Mukandayisenga akasema.

Lois alidhani hakusikia. Ni nani huyu wa kumkatalia?

"Kitu kikipotea utasema ni miye," Mukandayisenga akaendelea, taratibu, bila hasira hata kidogo. "Mutu hampatii ufunguo mutu anayemuita mwizi. Utakaa kule kwenu roho haitulii, na miye hapa nitatembea nimeinamisha kichwa. Hapana, dada."

Lois alifungua kinywa aseme kwamba hajawahi kumwita mwizi. Neno hilo halikutoka. Lililotoka ni lingine kabisa. "Mama yangu anapofuka," akasema. "Nisipoenda sasa hataniona tena." Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu, na ilimchukiza kwamba mtu mwenyewe ni huyu.

Mukandayisenga aliuegemea mlango. "Wangu alikufia Masisi, miye niko kambini Uganda," akasema. "Muzuri. Nitashika ufunguo. Lakini tutahesabu kila kitu kilicho ndani, wote wawili, tukiandika, na uweke sahihi. Ukirudi tunahesabu tena." Akaenda kuchukua daftari lake la darasa la Kiingereza.

Lois akageuka akaitazama nyumba yake. Katika miaka yote ya nyumba ile, hakuna mgeni aliyewahi kuona zaidi ya sebule na jikoni. Lakini ndege ilikuwa kesho.

Walianza na sebule, na sebule ilijaza ukurasa: makochi matatu, televisheni, meza ya kioo, mazulia mawili, maua ya plastiki. Lois alitaja kila kimoja kwa sauti kubwa. Kisha wakaingia chumba cha kwanza. Kulikuwa na godoro sakafuni na taa. "Godoro moja," Mukandayisenga akaandika. Chumba cha pili kulikuwa na masanduku mawili ya safari na mzani wa kuyapimia. Chumba cha tatu kilikuwa kitupu, na dirishani, badala ya pazia, shuka ya hospitali iliyopigiliwa misumari.

"Hapa niandike nini?" Mukandayisenga akauliza.

"Andika hakuna kitu," Lois akasema.

Mwenzake akaandika. Lois alimwangalia usoni akitafuta kicheko, maana yeye angecheka, tena angetoka hapo na simu sikioni. Hakukiona, na hilo lilimuudhi zaidi. Mtu ana nyumba ya vyumba vitatu na ndani yake amejaza sebule tu. Alifanya zamu mbili mbili kwa ajili ya kuta, na miaka tisa ya mama yake ilikwenda humo.

Jikoni wakafika kwenye droo. "Vijiko," Lois akasema, akavihesabu kwa haraka. "Kumi na kimoja."

"Kumi na kimoja," Mukandayisenga akarudia, akaandika kwa tarakimu na kwa maneno. Kisha akafunga kalamu. "Sasa tufungue hapa chini ya sinki. Ukuta huu ni wa nje. Ukiacha milango imefungwa, joto halifiki kwenye bomba, linaganda."

"Nina miaka kumi na saba kwenye baridi hii," Lois akasema. "Unanifundisha wewe?"

"Basi kwa nini umejaza vitu?"

Lois akapiga magoti akaanza kuvitoa. Sabuni, ndoo, brashi, na nyuma kabisa, ukiwa umeliegemea bomba, ule mfuko wa mifuko ambao kila nyumba ya Mwafrika inao, umevimba kwa mifuko ya miaka yote. Aliuvuta. Ukagonga sakafu kwa mlio wa chuma.

Wote wawili waliusikia. Lois aliingiza mkono mpaka chini, akatoa kijiko chenye ukingo wa dhahabu, na sukari imekaukia juu yake. Na hapohapo akakumbuka. Siku ile alikuwa anakoroga chai yake mwenyewe hapa jikoni, akainama kuchukua mifuko ya kumfungia Peris, mwenyekiti wa ushirika, mandazi ya kwenda nayo, na kijiko kilikuwa mkononi. Mkono wake mwenyewe.

Mukandayisenga alilirudia daftari. Akafuta kumi na kimoja, akaandika kumi na viwili. "Mpigie Peris," akasema. "Niko hapa, nasikia."

Lois angeweza kukataa. Alifikiria jicho lile la kulia la mama yake. Akapiga, akaweka simu juu ya jiko, sauti wazi.

"Peris, kile kijiko changu," akasema. "Cha Machi. Nimekipata. Kilikuwa kwangu. Ni mimi niliyekiweka."

Peris akaangua kicheko. "Lois, mpenzi, ulidhani tulikuamini? Siku ile tulikucheka ndani ya gari mpaka tukafika Minneapolis. Baadaye Mama Uwase ndiye aliyetukataza kukusema. Alisema tukuache, anayehesabia wageni vijiko mlangoni labda hana kitu kingine ndani. Tukakuonea huruma, tukanyamaza." Akacheka tena. "Haya, ukifika kwenu msalimie mama."

Simu ikazimika. Mukandayisenga alikuwa anatazama daftari, na sasa ni yeye aliyeona haya.

"Weka sahihi hapa," akasema.

Lois akaweka. Kisha akautoa ufunguo kwenye kishikio chake, akampa mkononi, na hakuweza kuinua uso kumtazama.

"Maji yaachwe yatiririke kidogo, yasigande?" Mukandayisenga akauliza.

"Ndiyo," Lois akasema. "Tafadhali."