Ghala Lililopaa

Masikio, kama walivyomwita nyumbani tangu utotoni, alikuwa amening'iniza spika ndogo ndogo kwenye dari yote ya ghala kuukuu la pamba. Kila spika ilibeba sauti ya ndege wahamaji aliowarekodi mwenyewe kule bwawani: mbayuwayu, korongo, bata mwitu. Zikilia kwa zamu, msikilizaji angejiona kasimama chini ya kundi linalopita kwenda mbali. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuionyesha hadharani, na alasiri hiyo ghala lilifurika watu.

Shangazi yake, mshonaji, alikuja moja kwa moja kutoka kwenye cherehani, futikamba ingali shingoni. Alipoona wageni wamekaa mikono mitupu, ukarimu ukamzidi. Akachomeka birika la umeme awachemshie chai.

Pah! Taa zikazimika. Spika nazo kimya.

"Shangazi!"

"Nimefanya nini tena mie?"

Fundi umeme wa ghala akachungulia kwenye sanduku la fyuzi. "Hii imeungua kabisa. Leo hakuna kitu hapa."

Watu wakaanza kutazamana, wengine wakishika mikoba yao. Shangazi akaona maji yamemfika shingoni. Akachomoa mkasi mkubwa kwenye aproni, akapanda juu ya kiti.

"Kaeni! Chai hamjanywa, ndege hamjawasikia, mnakwenda wapi?" Akaufungua na kuufunga mkasi harakaharaka: ka-ka-ka-ka-ka! "Haya mwanangu, huyu ndege gani?"

"Korongo," Masikio akajibu, kilio na kicheko vikigombania uso wake. Kweli, korongo mtupu!

"Wengine je, wanaliaje? Tufundishe!"

Basi akawafundisha. Waliokaa dirishani wakawa mbayuwayu, chwiti-chwiti. Waliokaa katikati wakasugua viganja, wakawa mbawa. Shemeji yake, mpiga tarumbeta wa harusini, akapewa bata mwitu.

"Mimi? Bata?"

"Usijitie ugeni, shemeji. Dada anasema ukilala ni bwawa zima."

Ghala likaangua kicheko. Masikio akainua mikono, na kundi likaanza kuja: kwanza mbali, kwa mnong'ono, kisha karibu, kisha juu ya vichwa, likivuma mpaka mabati yakatetemeka. Meneja mmoja mwenye tai alipiga koti lake kama mbawa, jasho likimtiririka. Bibi wa mstari wa mbele alilia chwiti kabla ya wenzake kila mara, wala hakujali.

Masikio akaashiria ndege waondoke. Alitaka sauti ififie tu. Wao wakainuka! Wakatoka mlangoni wakilia, wakaingia barabarani, na askari wa trafiki akasimamisha magari kundi lipite, mdomo wazi.

Ndani wakabaki wawili, wameshika mbavu kwa kucheka.

"Umesimama nini?" shangazi akasema akishuka kitini. "Wanakuacha hao!"

Masikio akavua viatu vyake vya kisigino, akatimua mbio kuwafuata.