Umri wa Iseul Mbele za Bwana

Mpaka Jumapili ile, Geum-ran hakuwahi kudhani kwamba umri wa mwanawe ni jambo la kumkosesha mtu raha.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Mchungaji Ham alisimama mbele ya washirika wake arobaini, amekonda kwa kufunga hata ukosi wa shati unamzunguka shingoni kama wa mtu mwingine, akasoma utaratibu wa siku yenyewe. Bwana angekuja Jumanne, tarehe ishirini Oktoba, saa tisa alasiri, saa ileile aliyokata roho msalabani. Walio wake wangenyakuliwa juu. Waliobaki wangeikuta dhiki, na baada ya dhiki, hukumu. Kila mtu avae kanzu nyeupe. Watoto walio chini ya miaka saba watachukuliwa kwa imani ya mama zao. Wenye miaka saba na kuendelea, kila mmoja atasimama kwa imani yake mwenyewe.

"Amina!" kanisa likaitika, na Geum-ran akaitika nao. Ile amina ilikuwa bado haijamtoka vizuri mdomoni alipomkumbuka yule aliyemlalia mapajani.

Watu walipoanza kutawanyika, Shemasi Pyo, mama fundi cherehani wa pale mjini Jecheon aliyepewa kazi ya kushona kanzu zote, alimjia na tepu ya kupimia shingoni.

"Mama Iseul, mlete binti nimpime."

"Si ataingia chini ya kanzu yangu, Shemasi? Huyu bado mtoto."

Shemasi Pyo akafungua daftari la washirika, akaweka kidole. "Iseul, miaka saba. Mwandiko wa nani huu? Wangu?"

Ulikuwa mwandiko wa Geum-ran.

"Haya, binti mkubwa," Shemasi akamwinamia Iseul. "Unampenda Yesu?"

"Nampenda."

"Unataka kwenda kwake ile Jumanne?"

Iseul akafikiri. Alikuwa mtoto wa kufikiri kwanza. "Bibi naye anaenda?"

"Bibi yako haamini, mpenzi."

"Basi mimi nitabaki na Bibi."

Tepu ikasimama kifuani pa mtoto. Shemasi Pyo akamtazama Geum-ran, Geum-ran akatazama sakafu.

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akihesabu. Iseul alizaliwa tarehe ishirini na tisa Desemba, akiwa tayari na mwaka mmoja kama azaliwavyo kila mtoto wa Kikorea, maana miezi ya tumboni nayo ni maisha. Siku tatu baadaye Mwaka Mpya ukaingia, ukoo mzima ukala supu ya mkate wa mchele, kila mtu akaongeza mwaka wake, na Iseul akawa na miaka miwili kabla kitovu hakijakauka. Kwa hesabu hiyo, sasa ana saba. Kwa hesabu ya daktari, anayeanzia sifuri na kungoja siku ya kuzaliwa ifike, ana mitano. Na ilikuwapo hesabu ya tatu. Alipoikumbuka alisimama ghafla katikati ya njia, mwenye baiskeli akampigia kengele na tusi juu yake. Kwenye karatasi za serikali, Iseul hakuzaliwa Desemba hata kidogo.

Mama mkwe alikuwa uani, amekalia kigoda, anakata vikonyo vya pilipili kavu kwa mkasi.

"Mama, Iseul ana miaka mingapi?"

"Saba. Kwani siku uliyomzaa ulikuwa umesafiri?"

"Na kwenye karatasi?"

"Karatasi muulize mumeo. Mimi nilimtuma tu. Nilimwambia, nenda kwa karani, useme kazaliwa Januari tarehe tano. Mtoto wa Desemba ukimpeleka shule na tarehe yake ataketi na majitu yaliyomzidi mwaka mzima. Kila mwenye akili hapa mtaani alifanya hivyo."

"Kwa hiyo karatasini ana sita."

"Karatasini sita, nyumbani saba, na akiona peremende ana mitatu. Una nini wewe leo?"

Geum-ran akamweleza. Mama mkwe akakata vikonyo viwili vitatu, akapiga chafya, akafuta pua kwa kiwiko.

"Huyo Bwana wenu," akasema, "mmenihubiria wenyewe kwamba nyota zote anazijua kwa majina. Leo amegeuka karani wa wilaya, anadai cheti?"

"Mama, usikufuru."

"Sikufuru. Nauliza."

Nalo swali likawa limeshamwingia Geum-ran, kama pilipili machoni: kadiri unavyofikicha ndivyo linavyowasha.

Jioni mumewe, In-cheol, alirudi kutoka kiwanda cha saruji, nyusi nyeupe kwa vumbi. Alisikiliza mpaka mwisho huku akila. Hakucheka, na kwa hilo Geum-ran alimshukuru.

"Na mimi mnaniacha na nani?"

"Baba Iseul, si twende wote."

"Jumanne nina zamu."

"Dunia inaisha, wewe una zamu!"

"Na isipoisha, msimamizi ataniuliza nilikuwa wapi." Akamwekea kipande cha samaki juu ya wali wake. "Kula. Umepungua."

Alhamisi, baada ya sala ya alfajiri, Geum-ran aliwangoja wenzake watoke wote, akamwendea Mchungaji Ham.

"Mchungaji, mbinguni wanahesabu umri kwa hesabu gani?"

"Mtoto ana miaka mingapi?"

"Saba nyumbani, sita karatasini, mitano kwa daktari."

"Sita imetoka wapi?"

Akaungama ule uongo wa Januari, masikio yakimwaka moto.

"Sasa dada, unataka Bwana amchukue mwanao kwa cheti cha uongo?"

"Hapana, Mchungaji."

"Basi cheti kiache."

"Nikikiacha, nishike saba au mitano?"

"Mitano ndiyo..." Akajikuna shingo. "Lakini uliandika saba mwenyewe, kwa mkono wako, katika daftari la kanisa."

"Niliandika kama tunavyosema wote. Wewe Mchungaji una miaka mingapi?"

"Arobaini na mitatu." Akahesabu kwa vidole. "Au arobaini na mmoja." Akaketi taratibu kwenye benchi la mbele kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Hakuwa mtu mbaya, Mchungaji Ham. Alikuwa amewauguza wengi na kuwazika wengi, na siku ile alitaka kwa moyo wote kumpa jibu. "Hata hiyo saba ya utaratibu yenyewe, dada..." alianza, asimalize. "Nenda ukaombe. Na mimi nitaomba."

Geum-ran alikuja na mzigo mmoja, akaondoka wakiwa nao wawili.

Aliomba. Aliomba akiosha mchele, aliomba akisuka nywele za mtoto. Usiku mmoja aliota Iseul yuko juu yeye yuko chini, kesho yake akaota kinyume chake, akaamka asijue ipi ndoto na ipi jinamizi. Kwenda mbinguni alitaka, tangu usichana wake alitaka. Lakini kila alipojiona yuko kule, mikono yake ilikuwa mitupu, na hiyo mikono hakujua aiweke wapi.

Jumanne, baada ya chakula cha mchana, alitoa mbeleko sandukuni.

"Mimi mkubwa!" Iseul akapiga kelele, lakini alikuwa anacheka.

"Leo tu."

Akamlaza mgongoni, akazungusha kile kitambaa kizito, akakaza fundo chini ya kifua, kisha akavaa kanzu yake nyeupe juu ya wote wawili. Miguu ya mtoto ilining'inia mpaka magotini kwake. Mama mkwe aliwatazama wakitoka langoni kama kobe aliyevaa shuka, kisha akageuka na kurudi ndani. Geum-ran angependelea atukane.

Kanisa lao lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la taa na nyaya. Barabarani watu walikwisha kusanyika kutazama, wengine na watoto mabegani. "Tuandikieni mkifika!" mmoja akapaza sauti, wenzake wakaangua kicheko. Geum-ran alipanda ngazi kichwa chini, akavua viatu vyake na vya Iseul mlangoni, penye safu za viatu vya watu wote, akaingia na kupiga magoti juu ya mto wa kukalia.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi na tano. Watu wamepiga magoti katika weupe mtupu, wengine wanalia, wengine wanatabasamu macho yamefumbwa. Shemasi Pyo akamsogelea kwa magoti.

"Mama Iseul," akanong'ona, "mfungue huyo."

"Mwache tu, Shemasi."

"Si mimi, ni utaratibu. Mwenye miaka saba hasimami kwa mgongo wa mtu. Sikia, mwenzangu, nakuonea huruma: utavutwa juu naye atakuvuta chini. Utabaki naye."

Geum-ran akamtazama Mchungaji Ham, aliyekuwa amesikia. Mchungaji naye akamtazama, kisha akafumba macho na kuanzisha wimbo. Wote wakafumba macho, wakaimba.

Utabaki naye. Neno lilitolewa ili limtishe, na Geum-ran alingoja hofu imshike. Hofu ikakawia. Akalirudia moyoni polepole, kama mtu anayeonja mboga aone kama imekolea: utabaki naye.

"Mama," sauti ya Iseul ikaja kutoka ndani ya kanzu, pumzi ya moto mgongoni, "ukiruka, utanishika?"

Mkono wa Geum-ran ulikuwa kwenye fundo. Akalikaza. Akainuka, akapita kati ya watu waliofumba macho, akatoka, akaurudisha mlango bila kuupiga.

Aliketi kwenye ngazi, akavua kanzu, akaikunja, akamfungua Iseul na kumpakata. *Bwana,* akaomba, *sijakukataa. Naapa sijakukataa. Ila hesabu imenishinda. Ukija na ukanikosa humo ndani, mimi niko hapa kwenye ngazi, na huyu.* Hakujua kama hiyo ilikuwa sala au ukaidi. Hata angeulizwa siku ya hukumu, asingejua aseme ni ipi kati ya hizo mbili.

Redio ya dukani chini ikatangaza saa tisa kamili.

Wimbo ukakatika.

Si kwamba uliisha. Ulikatika, katikati ya ubeti, na baada yake pasisikike kitu. Hata kikohozi. Barabarani nako watu walinyamaza, wameinua vichwa.

"Wameenda?" Iseul akanong'ona.

"Sijui."

"Tuchungulie?"

"Ngoja."

Geum-ran akavitazama viatu. Vyote vilikuwapo, safu kwa safu, na viatu vya kisigino vya Shemasi Pyo mwanzoni. Akapata matumaini, kisha matumaini yakamtoka: nani atapita kuchukua viatu akinyakuliwa? Kama wamo, viatu vingekuwa hapa. Kama hawamo, viatu vingekuwa hapahapa. Akajiambia wamekwenda. Akajiambia hawajaenda. Akakaa pale katikati ya mambo hayo mawili kwa muda ambao hakuweza kuupima, na jambo moja tu halikumchanganya, nalo lilikuwa uzito wa mtoto mapajani.

Mwishowe aliinuka, akamshika Iseul mkono, akasukuma mlango.

Wote walikuwamo. Wamepiga magoti vilevile, lakini macho wazi, na macho ya wote kwa pamoja yakamgeukia. Mtu mmoja akapiga ukelele. Shemasi Pyo alikuwa amekumbatia mto wa kukalia, ule aliouacha Geum-ran, uso wake umelowa.

"Umerudi?" akauliza.

"Kurudi kutoka wapi?"

"Tulifumbua macho hukuwapo. Wewe na mtoto." Sauti ya Shemasi ilikuwa nyembamba kama uzi. "Tulisema... tulisema wamechukuliwa. Tulisema sisi tumeachwa, na wao wamechukuliwa."

Geum-ran alitaka kucheka, akaona machozi yanamtoka. "Nilikuwa kwenye ngazi," akasema.

"Kwenye ngazi," Mchungaji Ham akarudia. Alikuwa ameketi sakafuni, saa yake ya mkononi ameivua na kuishika kiganjani. "Ulikuwa unafanya nini kwenye ngazi?"

"Nilikaa tu, Mchungaji."

Hakuna aliyejua kinachofuata. Utaratibu uliosomwa ile Jumapili uliishia saa tisa. Saa tisa na robo hakuna aliyeiandikia kitu. Mzee mmoja akauliza kama waendelee kuomba, mwingine akasema pengine ni saa tisa ya Yerusalemu. Mchungaji akamtazama kila asemaye, na kila mara alionekana yu tayari kukubaliana naye.

Geum-ran alichuchumaa mbele ya Shemasi Pyo. Kwa karibu aliona jinsi midomo ya yule mama ilivyopasuka. Alikuwa hajatia kitu kinywani siku tatu.

"Shemasi, twende kwetu ukale."

"Mama mkwe wako atanicheka."

"Atakucheka, ndiyo," Geum-ran akasema. "Lakini atakucheka ukiwa unakula."

Shemasi Pyo akafikiri, kwa muda mrefu kuliko neno lilivyostahili. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe, na Iseul, aliyekuwa karibu zaidi, ndiye aliyeushika.