Damu ya Bi Shekha

Bi Shekha wa Mambrui hakuwa mtu wa kuambiwa jambo mara moja akakubali. Hata bei ya chumvi aliiuliza mara mbili. Kliniki ilipoandika kwamba Tumu, mkaza mwanawe, ana kaswende, aliisukuma karatasi kando akasema, "Wapime tena."

Walipima tena. Tumu alichomwa sindano zote za kutibu kaswende, akapimwa mara ya tatu, jibu likawa lile lile. Mumewe Faki alipimwa pia, akaonekana safi. Faki alikuwa fundi cherehani, mtu wa mambo yaliyonyooka, ambaye mkasi wake haukukata kitu ila kitambaa. Hata mamake aliwahi kunyimwa alipotaka kukatia uzi wa katani. Sasa mimba tatu zimeharibika na mkewe ana ugonjwa ambao yeye hana. Ameutoa wapi? Alhamisi asubuhi alilifunga sanduku la Tumu kwa kamba, akaliweka ukumbini.

"Kesho baada ya sala namrudisha kwao," alisema.

Bi Shekha aliumia. Yeye mwenyewe ndiye aliyemchagua Tumu awe mke wa mwanawe, na alimpenda kuliko alivyokuwa tayari kusema. Alivaa buibui lake, akamshika msichana mkono, wakaenda Malindi kwa Zubeir, mpimaji damu mwenye chumba nyuma ya duka la vitambaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mpime huyu, na usiniletee jibu la wenzako."

Zubeir alimwuliza Tumu maswali ambayo hakuna aliyewahi kumwuliza. Mguu ulishawahi kumvimba? Naam, wa kushoto, mwaka jana, wiki tatu. Akamtoa damu, akaipima kaswende kwa njia nyingine kabisa. Kufikia adhuhuri alikuwa na jibu: hana.

"Kipimo cha kliniki hutengenezwa kwa mafuta ya moyo wa ng'ombe," alieleza. "Damu ya watu wengine huyashambulia mafuta yale bila ya kuwa na kaswende."

"Mkaza mwanangu aachwe kwa ajili ya moyo wa ng'ombe?" Bi Shekha aliuliza.

Zubeir alicheka, kisha akasema bado anataka kujua ni kitu gani kinachoshambulia. Alihitaji damu ya mtu mzima wa afya. Bi Shekha alikuwa ameshapandisha mkono wa nguo.

Zubeir aliyatenga maji ya damu za wote wawili, akayatia dawa ya kugandisha katika vichupa vilivyosimamishwa kwenye maji ya vuguvugu, saa mkononi. Ya Bi Shekha yaliganda kwa sekunde thelathini na nane. Ya Tumu, themanini na mbili. Kisha akayachanganya nusu kwa nusu.

"Kama yake yamepungukiwa na kitu, yako yatayajaza," alisema. "Yataganda upesi."

Bi Shekha aliinamia kichupa. Sekunde arubaini. Hamsini. Yaliganda kwenye sabini.

"Basi hajapungukiwa," Zubeir alisema taratibu. "Mwili wake umetengeneza kitu kinachopigana na damu yenyewe. Kichupani damu inachelewa kuganda, lakini mwilini inaganda ovyo. Iliganda mguuni. Nadhani ndiyo iliyoziba kondo la nyuma, watoto wakakosa chakula. Mpeleke kwa daktari na barua hii. Wapo waliojaribiwa kwa asprini kidogo kila siku, wakazaa."

Tumu alilia, akajifuta machozi kwa ukaya wake wa kichwani, akalia tena. Bi Shekha alimwacha alie, naye moyo wake umejaa furaha.

Faki aliwakuta ukumbini alipotoka kazini. Mamake alimweleza yote, tangu ng'ombe hadi sekunde sabini. Faki aliinamisha kichwa.

"Damu yangu imechanganywa na yake, ikalemewa," Bi Shekha alimaliza. "Kama hiyo ni damu ya mke wa kurudishwa, mimi sasa nimo. Funga na sanduku langu."

Faki alichutama kando ya sanduku, akahangaika na fundo. Alikuwa amelikaza kwa hasira na halikufunguka. Alimtazama Tumu, kwa haya. Kisha akaingia chumbani, akarudi na mkasi wake wa kazi, akaikata kamba.