Kona ya Barua

Geneviève alikuwa akipanga barua za marehemu mumewe, Paulin, mtangazaji wa Kindu aliyeongoza ulinzi wa msitu, ili zipelekwe kwenye hifadhi ya nyaraka. Paulin alikuwa na desturi yake: barua ya msikilizaji ikishasomwa redioni, aliichana kona. Za tembo, za okapi, za matusi ya wawindaji, zote hazikuwa na kona.

Moja tu ilikuwa nzima. Ilikuwa ya Geneviève mwenyewe, aliyomwandikia Paulin wakati wa vita akiwa amekimbilia mji wa Kama na watoto.

"Baba Fifi, utusalimie kwa redio, watoto wajue uko muzima."

Kila jioni walisikiliza. Paulin alisalimia dunia nzima, wao hakuwataja. Aliporudi Kindu, Geneviève alikuwa na hasira, wala hakumuuliza. Alijua wawindaji waliotaka kumuua nao walisikiliza kipindi chake, na kutajwa kungewafichua. Lakini hata barua yenyewe, aliamini Paulin aliitupa.

Sasa aliishika. Mikunjo ilikuwa imelika kwa kufunguliwa na kukunjwa, ikagandishwa kwa utepe wa gundi, ikalika tena.

"Mwanaume mugumu, weye!" alifoka, machozi yakimtoka.

Akaisoma kwa sauti hadi mwisho, kama inavyosomwa redioni. Kisha akaichana kona.